Richard Titmuss: karani wa bima aliyepiga hesabu ya matibabu ya Tanganyika

Mtu anayetoka ukanda wa chini wa Rombo, kule karibu na mpaka wa Kenya, kuja kutibiwa Mkuu hulipa mara mbili kabla hajamwona daktari. Kwanza hulipa nauli ya bodaboda au ya Noah hadi barabara kubwa. Pili hulipa kwa siku yake ya kazi iliyopotea, pamoja na ya ndugu anayemsindikiza. Akifika hospitalini ndipo hukutana na malipo ya tatu, yale ya dirishani. Wapo wanaoifanya hesabu hiyo wakiwa bado nyumbani, wakaona haifiki, wakabaki. Hao hawaandikwi katika daftari la hospitali yoyote, kwa sababu daftari huandika waliofika tu.

Makala hii inahusu maisha ya mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafuta watu wa namna hiyo ndani ya takwimu. Jina lake ni Richard Titmuss, Mwingereza aliyefariki mwaka 1973. Wasikilizaji wetu wengi huenda hawajawahi kulisikia jina hilo, ingawa kituo cha afya walichopelekwa kuchanjwa utotoni kina uhusiano na ripoti aliyoiongoza. Kila mjadala wa bima ya afya, uchangiaji wa gharama au msamaha kwa wasiojiweza unapoibuka nchini, maswali yanayoulizwa ni yale aliyoyauliza yeye zaidi ya miaka sitini iliyopita. Ndiyo maana tumeona vema kumweleza.

Mtoto wa mkulima

Richard Morris Titmuss alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1907 huko Stopsley, karibu na mji wa Luton, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa mkulima mdogo, na kilimo hakikumwendea vizuri. Familia ikahamia Hendon, pembezoni mwa London, kutafuta maisha mengine. Mtoto mwenyewe hakuwa na afya njema na masomo yake yalikatika mara kwa mara. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akasoma kozi fupi ya utunzaji wa hesabu, kisha akaajiriwa kama kijana wa kutumwa ofisini.

Mwaka 1926 baba yake alifariki, na mzigo wa familia ukamwangukia. Akiwa na miaka 18 aliingia kuwa karani katika kampuni ya bima ya moto, akakaa huko miaka 16. Hakuwahi kusoma chuo kikuu. Hadi anakufa hakuwa na shahada ya kusomea, ila zile za heshima alizotunukiwa baadaye.

Miaka hiyo 16 ya bima tunaitaja kwa makusudi, maana ndiyo iliyomfundisha kazi. Kampuni ya bima hupata riziki kwa kujua nani ana hatari kubwa na nani ana hatari ndogo, na kumtoza kila mmoja kulingana na hatari yake. Nyumba ya makuti hulipiwa zaidi ya nyumba ya mawe, na mwenye duka la mafuta ya taa zaidi ya mwenye duka la vitabu. Titmuss aliujua mfumo huo kwa ndani. Aliona pia kinachotokea ukiuhamishia kwa binadamu: anayehitaji zaidi ndiye anayetozwa zaidi, au anakataliwa kabisa. Mtu aliyekuja kuwa mpinzani mkubwa wa bima ya biashara katika matibabu alikuwa ameijifunza bima akiwa amekaa kwenye meza yake.

Jioni, baada ya kazi, alikuwa akisoma takwimu za vifo. Mwaka 1934, katika safari ya kutembea milimani huko Wales, alikutana na Kathleen Miller, aliyeitwa Kay, ambaye alikuwa akifanya kazi na wanaume wasio na ajira mjini London. Walioana mwaka 1937. Kay ndiye aliyemvuta kutoka kwenye tarakimu kwenda kwa watu wenye tarakimu zao, na mwaka 1942 waliandika kitabu kwa pamoja kuhusu kupungua kwa uzazi Uingereza. Mara nyingi wasifu wa mabwana wakubwa humsahau mke aliyekuwa akisoma rasimu usiku. Sisi tusimsahau.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1938. Alilinganisha vifo vya kusini mwa Uingereza, kwenye ajira na mishahara, na vifo vya kaskazini na Wales, kwenye migodi iliyofungwa na viwanda vilivyolala. Akauliza: kama watu wa kaskazini wangekufa kwa kiwango cha kusini, ni wangapi wangekuwa hai? Jibu lilikuwa makumi ya maelfu kila mwaka. Mwaka 1943 akatoa kitabu kingine kuhusu vifo vya watoto wachanga. Kila mtu alikuwa akijua kwamba vifo hivyo vilikuwa vimepungua sana tangu mwanzo wa karne. Titmuss alionyesha kwamba pengo kati ya mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua halikupungua pamoja navyo. Wastani ulikuwa umependeza, lakini ndani ya wastani watoto wa maskini walikuwa wameachwa nyuma vilevile.

Njia hiyo ya kuuliza ndiyo aliyokuja nayo baadaye Tanganyika, kwa hiyo tuiweke akilini.

Vita na huduma ya bure

Vita Kuu ya Pili ilimtoa ofisini. Mwaka 1942 alichukuliwa na serikali kuandika historia rasmi ya jinsi raia walivyohudumiwa wakati wa vita. Septemba 1939, takriban watu milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka mijini kwenda vijijini kukimbia mabomu. Familia za vijijini zilipowapokea zikaona kwa macho umaskini ambao hapo awali ulikuwa habari ya magazetini tu: watoto wasio na viatu, wenye chawa, waliokonda. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1950 kilieleza jinsi hatari iliyowakumba wote kwa pamoja ilivyowafanya watu wakubali kwamba matibabu yasiwe sadaka kwa maskini, bali haki ya kila mkazi. Bomu halikuuliza mtu ana fedha kiasi gani.

Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, inayolipiwa hasa na kodi, bila malipo mgonjwa anapofika. Mwaka 1950 karani wa zamani wa bima akateuliwa kuwa profesa katika chuo cha London School of Economics, wa kwanza kushika kiti cha taaluma ya utawala wa huduma za jamii chuoni hapo. Kwa mtu aliyeacha shule na miaka 14 si jambo dogo.

Ni vizuri kukumbuka kwamba kijana mmoja kutoka Butiama alikuwa Edinburgh miaka hiyohiyo, kuanzia 1949 hadi 1952. Julius Nyerere alisoma Uskochi wakati huduma hiyo mpya ikiwa na mwaka mmoja tu.

Lakini huduma ya bure ilikuwa na maadui tangu siku ya kwanza, na hoja yao kubwa ilikuwa gharama. Walisema watu wanajazana kuchukua miwani na meno ya bandia, na kwamba nchi ingefilisika. Mwaka 1951 malipo ya miwani na meno yakaanzishwa, na waziri aliyekuwa ameiasisi huduma hiyo, Aneurin Bevan, akajiuzulu serikalini kwa kupinga. Mwaka 1952 malipo ya dawa yakafuata. Mwaka 1953 serikali iliunda kamati chini ya mchumi Claude Guillebaud ichunguze gharama hizo na kushauri jinsi ya kuzidhibiti.

Kazi ya kuchambua tarakimu ilimwangukia kijana mchumi, Brian Abel-Smith, akishirikiana na Titmuss. Walichofanya kinaweza kuelezwa kwa mfano wa nyumbani. Mkulima wa kahawa aliyepata shilingi 1,000,000 mwaka jana na kulipa ada ya 100,000 alitumia sehemu moja ya kumi ya pato lake. Mwaka huu amepata 1,500,000 na ada imepanda hadi 120,000. Atalalamika kwamba ada imepanda, na ni kweli imepanda. Lakini sasa anatumia asilimia 8 ya pato lake, si 10. Mzigo umepungua ingawa namba imekua.

Ndivyo ilivyokuwa Uingereza. Fedha zilizotumika ziliongezeka, lakini bei zote zilikuwa zimepanda na pato la taifa lilikuwa limekua. Kwa hesabu yao, huduma ya afya ilichukua asilimia 3.75 ya pato la taifa mwaka 1949/50, na asilimia 3.25 mwaka 1953/54. Badala ya kukua, ilikuwa imepungua. Zaidi ya hapo walionyesha kwamba nchi ilikuwa ikijenga hospitali kidogo mno, chini ya kiwango cha kabla ya vita. Kamati iliyoundwa kutafuta mahali pa kukata ilitoa ripoti yake mwaka 1956 bila kupata mahali pa maana pa kukata. Tunaamini hiyo ni mojawapo ya kazi muhimu zaidi za utafiti wa sera za afya zilizowahi kufanywa, na ilifanywa kwa kalamu, karatasi na kigawanyo sahihi.

Tusimpambe, hata hivyo. Titmuss huyohuyo aliandika pia kwamba huduma ya bure haiondoi upendeleo yenyewe kwa yenyewe. Watu wa tabaka la kati walijua kuongea na daktari, walijua kudai rufaa, na walikuwa wakipata zaidi ya vibarua waliokuwa wagonjwa zaidi yao. Kuondoa bei ni kufungua mlango mmoja, na nyuma yake kuna mingine.

Ripoti ya Tanganyika

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1956, chini ya Mlima Kilimanjaro, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga namna ya kuwafikishia matibabu watu wa mbali kwa ndege. Mwaka uliofuata wakaanzisha shirika ambalo leo tunaliita Amref. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilihitaji mtu wa kuangalia huduma zake zote za afya na kushauri zielekee wapi. Kazi hiyo ilipitia kwa shirika hilo lililozaliwa kwenye mteremko wa mlima wetu, na mwenyekiti wake akawa Titmuss. Alikuwa na Abel-Smith, na George Macdonald, bingwa wa hesabu za malaria, pamoja na Arthur Williams na Christopher Wood. Ripoti yao kwa serikali ilichapishwa mwaka 1964.

Hali waliyoikuta ilikuwa hivi. Madaktari Watanganyika wakati wa uhuru, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, walikuwa 12. Vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 kwa nchi nzima. Fedha nyingi za afya zilikwenda kwenye hospitali za mijini, wakati karibu watu wote waliishi vijijini na kufa kwa magonjwa yanayozuilika: malaria, kuhara, surua, homa ya mapafu, utapiamlo, uzazi uliokwama mbali na msaada. Sehemu kubwa ya vitanda ilikuwa mikononi mwa makanisa, na makanisa yalijenga pale misheni ilipokuwa, si pale ugonjwa ulipokuwa mwingi.

Hapa ndipo Kilimanjaro inapoingia, na inaingia upande usiozoeleka. Tumezoea kuhesabu upungufu wetu. Lakini kwa macho ya mtu anayetazama ramani ya Tanganyika nzima, mteremko huu ulikuwa umebarikiwa kuliko sehemu nyingi. Kahawa ilileta fedha, chama cha ushirika cha KNCU kilikuwa kimeanzishwa tangu 1933, na Wakatoliki na Walutheri walikuwa wamejenga shule, zahanati na hospitali kuanzia Machame na Kibosho hadi Kilema na Rombo. Kibong'oto ilikuwa na hospitali ya kifua kikuu tangu 1926. Moshi ilikuwa na hospitali ya serikali. Mtu wa kusini au wa magharibi mwa nchi angeweza kutembea siku nzima bila kukutana na mganga hata mmoja mwenye cheti. Lile pengo la kaskazini na kusini ambalo Titmuss alilihesabu Uingereza akiwa karani lilikuwepo pia Tanganyika, na safari hii sisi wa mlimani tulikuwa upande wa waliopata.

Na ndani ya Rombo kwenyewe pengo lilijirudia. Ukanda wa juu, kwenye migomba na kahawa, ulikuwa na barabara, kanisa na shule. Ukanda wa chini wenye ukame, kuelekea Ziwa Chala na mpakani, ulikuwa na umbali tu. Ukiangalia wastani wa wilaya huioni tofauti hiyo.

Kamati ilishauri nchi isikimbilie kuongeza hospitali kubwa, bali ijenge vituo vya afya vijijini na kuvifanya uti wa mgongo wa huduma. Kituo cha afya katika mawazo yao hakikuwa hospitali ndogo. Kilikuwa mahali pa kliniki ya mama na mtoto, chanjo, uzazi, vitanda vichache, usafi wa mazingira na mafunzo ya lishe, kikisimamia zahanati zinazokizunguka na kupeleka hospitalini wale tu walioshindikana. Kwa kuwa madaktari hawakuwepo, watumishi wa ngazi ya kati ndio wangebeba kazi: matabibu, waganga wasaidizi wa vijijini, wakunga. Hospitali za makanisa zingeingizwa katika mpango mmoja na za serikali.

Sababu ya ushauri huo ni ya kihesabu, na inafaa ielezwe kwa sababu hata leo wanasiasa huipita juujuu. Gharama ya hospitali si ile ya kuijenga. Jengo hulipiwa mara moja, mara nyingi na mfadhili, na utepe hukatwa. Baada ya hapo huja mishahara, dawa, umeme, mashuka, chakula na vipuri, kila mwaka, milele. Miaka michache tu ya kuiendesha hospitali hufikia bei ya kuijenga. Mfadhili aliyetoa jengo huwa amekwisha kurudi kwao, na anayebaki na bili ni mlipakodi. Kila shilingi inayofungwa kwenye bili hiyo ni shilingi ambayo haitapatikana kwa zahanati ya kijijini.

Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, ulichukua mwelekeo huo kwa maneno. Uliweka lengo la kupandisha umri wa kuishi kutoka miaka 35 hadi 40 ya wakati huo kufikia miaka 50 ifikapo 1980. Kwa vitendo hospitali ziliendelea kumeza sehemu kubwa ya bajeti kwa miaka kadhaa. Ripoti inaweza kuwa sahihi na bado ikakaa kabatini, maana hospitali kubwa huonekana na mtoto ambaye hakuugua surua haonekani.

Mfano ulio wazi kabisa uko Moshi. Hospitali ya KCMC, iliyojengwa na Shirika la Msamaria Mwema kwa misaada ya makanisa ya ng'ambo, hasa ya Ujerumani, ilifunguliwa Machi 1971. Ni hospitali iliyookoa maisha ya watu wetu wengi, na sisi tunaoishi huku hatuwezi kuizungumzia kwa ubaridi. Lakini kuiendesha kuliikalia serikali vibaya, maana ilikuwa ni fedha nyingi kila mwaka kwa mkoa ambao tayari ulikuwa na vitanda vingi kuliko mingine. Mambo mawili yalikuwa ya kweli kwa pamoja: mgonjwa wa Rombo aliihitaji KCMC, na mgonjwa wa mkoa usio na chochote alikuwa akisaidia kuilipia bila kuifikia. Mwaka 1992 serikali iliirudisha mikononi mwa Shirika la Msamaria Mwema.

Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kusema jambo linalofanana na hilo: mikopo hutumika zaidi mijini, wanaoilipa ni wakulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikageuza bajeti kwa kweli kuelekea vijijini. Vituo vya afya vilivyokuwa 22 wakati wa uhuru vilifika takriban 239 mwaka 1980, na zahanati ziliongezeka kutoka chini ya 1,000 hadi zaidi ya 2,500. Lengo lilikuwa kituo kimoja kwa watu 50,000 na zahanati moja kwa watu 10,000. Ulimwengu ulipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kuzungumzia afya ya msingi, Tanzania ilikuwa na kitu cha kuonyesha.

Damu

Kabla hatujafika kwenye kifo chake, kuna kitabu kimoja ambacho hatuwezi kukiruka. Mwaka 1970 Titmuss alitoa utafiti wake kuhusu damu. Alilinganisha Uingereza, ambako watu walitoa damu bure kwa wasiowajua, na Marekani, ambako nyingi ilinunuliwa. Kwa mantiki ya soko, damu ya kununua ingekuwa nyingi na bora zaidi. Yeye alikuta kinyume. Waliouza damu walikuwa mara nyingi watu wenye shida, wenye sababu ya kuficha ugonjwa ili wapate fedha, na wagonjwa waliowekewa damu hiyo walipata homa ya ini zaidi. Kulikuwa pia na upotevu na uhaba. Wachumi walibishana naye kwa miaka, na baadhi ya hoja zao zina uzito, lakini Marekani ilibadilisha taratibu zake za damu katika muongo huo.

Kanda ya Kaskazini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama ina kituo chake Moshi. Kila mtu aliyewahi kuambiwa alete ndugu wawili watoe damu ndipo mgonjwa wake apasuliwe anajua kwamba swali la Titmuss halijafungwa. Ndugu si muuzaji, lakini mtu asiye na ndugu karibu hufanya nini?

Wodini

Titmuss aliugua saratani ya mapafu. Alitibiwa London katika hospitali ya umma, ndani ya huduma ileile aliyoitetea mwaka 1956. Katika maandishi yaliyotolewa baada ya kifo chake alieleza wagonjwa aliokuwa akingojea nao matibabu ya mionzi. Miongoni mwao alikuwepo kijana mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Anayetangulia kuingia wakati mwingine alikuwa kijana huyo, wakati mwingine profesa, na kilichoamua kilikuwa foleni ya magari barabarani, si rangi ya mtu wala mfuko wake. Alifariki tarehe 6 Aprili 1973, akiwa na umri wa miaka 65. Binti yake pekee, Ann Oakley, amekuwa mwanasosholojia mashuhuri kwa haki yake.

Mwaka huohuo wa 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Sisi watu wa redio tunaikumbuka kwa fahari ya kazi: takriban watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Ilikuwa kinga, ilikuwa vijijini, na haikuwa na dirisha la malipo.

Kilichofuata

Uchumi ulipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, zahanati zilibaki kuta. Dawa hazikuwepo, watumishi walilipwa kidogo, na matibabu ya bure yakawa cheti cha kwenda kununua dawa mahali pengine. Hapa lazima tuseme ukweli ambao watetezi wa huduma ya bure hawapendi kuusikia: kitu kinachoitwa bure lakini hakipo ni ghali kuliko kitu chenye bei. Hospitali binafsi za biashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977, zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 serikali ilianza uchangiaji wa gharama katika hospitali zake. Watoto chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa, na maskini nao waliahidiwa msamaha, wakishathibitisha umaskini wao.

Kuthibitisha umaskini ndilo jambo ambalo Titmuss alilipinga maisha yake yote. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akilazimika kusimama mbele ya karani na kueleza ufukara wake ndipo atibiwe, wengi watachagua kutokuja, na kwamba huduma inayotengwa kwa maskini peke yao huishia kuwa duni kwa sababu wenye sauti hawaitumii. Alikubali kuwaongezea zaidi walioachwa nyuma, mikoa maskini kwa mfano, lakini juu ya huduma ambayo wote wanaipata. Barua ya mtendaji wa kijiji inayosema huyu hana uwezo ni mfano halisi wa alichokihofia. Anayeihitaji barua hiyo kuliko wote mara nyingi ndiye asiyejua kwamba ipo.

Baadaye ikaja bima. Mfuko wa afya ya jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, mwaka ambao mfuko wa taifa wa watumishi wa umma nao ulianza kazi. Mfuko wa jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Katika bima ya hiari hujiunga zaidi anayejijua mgonjwa, na mwenye afya husubiri, mpaka mfuko unabaki na wagonjwa watupu na kukauka. Karani yeyote wa bima ya moto wa mwaka 1930 angeweza kutueleza hilo. Ndiyo maana neno la maana katika sheria mpya ni wote, na ndiyo maana swali gumu ni nani atamlipia yule ambaye hana cha kuchangia na jinsi atakavyotambuliwa bila kudhalilishwa.

Hapa Mkuu, Hospitali ya Huruma ya Jimbo Katoliki la Moshi ilibeba kwa miaka mingi kazi ya hospitali teule ya wilaya, kanisa na serikali wakigawana mzigo kama ile kamati ya 1964 ilivyotaka. Asubuhi wagonjwa hushuka kutoka Noah na bodaboda, wengine wakiwa na kadi, wengine wakiwa na noti zilizokunjwa kwenye kitenge. Magari hayo yanayotoka ukanda wa chini huwa na nafasi, na hatujui nafasi hizo zilikuwa za nani.